Nyuma ya Tangi la Samaki Wanaowaka

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama koridoni kwangu, mtaa wa Maporomoko hapa Tunduma, nimeshika samaki mfu kwenye kijiko. Wengi mmetuma ujumbe mkinitaka niache kuzunguka na niseme nani alimuua. Subirini basi, nami nilisubiri.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, naitwa Tukuswiga, mama Angel. Ni Mnyiha wa Iyula, nimeolewa na Mndali wa Ileje aitwaye Anyitike, fundi wa majokofu ya malori yanayovuka mpaka. Mwaka jana alirudi kutoka Dar na boksi jeupe, lile la kubebea vitu vya baridi. Ndani kulikuwa na mifuko ya maji, na ndani ya maji samaki tisa weusi, wadogo kuliko kiganja changu.

Chini ya kila jicho samaki hawa wana kifuko kinachotoa mwanga wa kijani uliochanganyika na bluu. Wanauwasha na kuuzima wenyewe. Anyitike alinieleza kwamba ndani ya kifuko wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyowaka. Samaki kazi yake ni kukifunika na kukifunua, basi.

Wanataka giza, kwa hiyo chumba cha wageni kikawa chao, dirisha likafunikwa nailoni nyeusi na blanketi juu yake. Wanataka maji ya chumvi, tena si chumvi ya jikoni, ni ile ya ndoo inayoagizwa Dar. Wanataka maji yapoe, na mashine ya jokofu la lori ikafungwa ukutani. Chakula chao lazima kiwe hai: kamba wadogo kama vumbi, ambao mimi huwaangua kwenye chupa za maji na kuwamimina tangini kwa kikombe. Anyitike yuko kwenye foleni ya malori tangu asubuhi mpaka jioni. Samaki ni wake na kazi ni yangu, hilo nililalamikia tangu sehemu ya kwanza na bado nalalamika.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya majirani. Nyumba ina chumba kisichofunguliwa. Ndoo za chumvi zinaingia. Blanketi likiteleza, watu wanaona mwanga wa kijani unapepesa dirishani. Huku kwetu Songwe jambo la namna hiyo lina jina lake: ndagu, utajiri wa kishirikina unaomtaka mwenye nyumba atoe mtu wake. Jirani yangu Teresia, anayevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kuchukua vitenge na ambaye zamani alinisalimia kwa utani "mulishani", habari yako ya huko ng'ambo, siku hizi hapokei hata chai yangu. Binti yangu Angel ana miaka minne. Kila akikohoa, macho ya mtaa mzima yananigeukia mimi.

Basi turudi kwenye kijiko.

Nilimpeleka yule samaki jikoni kwenye mwanga. Alikuwa anateleza kuliko samaki anavyopaswa kuteleza. Nikarudi chumbani na tochi yetu, ambayo tumeifunga nailoni nyekundu kwa sababu mwanga mwekundu hauwasumbui, nikainama juu ya tangi. Juu ya maji kulikuwa na utando unaometameta. Nikachovya kidole, nikanusa.

Mafuta. Wala si ya kupikia. Yalikuwa yananukia, na harufu ile niliijua, kwa sababu iko kwenye vizingiti vya milango yote ya nyumba yangu. Yalikuwa mafuta ya upako ya wifi yangu Recho.

Recho ni mdogo wake Anyitike, anaishi kwetu na kuuza viatu sokoni. Anasali kwenye kanisa la maombezi. Chupa yake ya mafuta inakaa sebuleni juu ya redio, na Angel akikohoa tu, shangazi yake anampaka kwenye paji la uso na kumkemea shetani. Si yeye aliyesema mbele yangu kwamba chumba kile kinahitaji maombi? Si yeye anayekaa na kina Teresia pale kibarazani, nami nikitokea wananyamaza? Nikajumlisha, na jibu nililolipata lilikuwa Recho.

Sikumuuliza, nilimhukumu. Nilimwambia ameingia chumbani kwa siri, amemwaga mafuta yake tangini ili kuvunja ndagu isiyokuwepo, na kwamba maneno yote yanayozunguka mtaani yanatoka kinywani mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi.

"Wifi," akasema, "mimi nikitaka kukemea kitu nakemea mbele yako, tena kwa sauti, wewe mwenyewe unanijua. Sijawahi kunyata kwenye nyumba hii. Unanitazama mimi kwa kuwa ni mgeni. Watazame na wenyeji."

Nikamwambia chupa ni yake. Hakubishana tena. Alifunga begi lake akaenda kwa rafiki yake mtaa wa pili, na mimi nikaona nimesafisha nyumba.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia yote. Nilitegemea amtetee dada yake, au anisifu, au agombe tu kama mwanaume mwenye nyumba. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza wamebaki samaki wangapi. Nikamwambia watano, maana wengine watatu walikuwa wameelea kufikia jioni. Akaenda kusimama mbele ya tangi, akakaa huko mpaka ugali ukapoa.

Alipotoka akarudia ombi alilolileta mwezi uliopita. Kwa nini Angel asiende kukaa kidogo kwa bibi yake Ileje? Kule milimani hewa ni safi, hakuna vumbi la malori, kikohozi kitakwisha chenyewe. Nikamjibu kama nilivyomjibu mwezi uliopita, kwamba mwanangu halelewi na mtu mwingine nikiwa mzima. Akatabasamu, akasema sawa mama Angel. Tabasamu lile sikulipenda. Nilijiuliza kama yeye na Recho wana jambo lao ambalo mimi siambiwi, na usingizi wangu wiki ile ulikuwa wa kuviziana.

Ikafika Alhamisi. Nilikuwa natoka jikoni na kikombe cha wale kamba wadogo nikienda kulisha. Nikasikia gari linasimama getini, halafu Angel akipiga kelele za furaha sebuleni.

"Babu! Babu amekuja!"

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo mtaniona punguani kwa nilichokifanya. Kwenye ukoo wa mume wangu, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akija kwa njia hii, mimi napita ile. Jina lake silitamki, na hata hapa gazetini sitaliandika. Vijana wengi wa mjini wameacha mambo haya. Yeye ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa kule Ileje, na hajaacha, nami sijawahi kumkosea tangu niolewe. Tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana kila akitaka kuja hutoa taarifa mapema, mimi nahamia kwa jirani, na Recho anampakulia chakula.

Safari hii hakutoa taarifa, na Recho nilikuwa nimemfukuza. Wazo lililonijia pale pale ni kwamba Recho ndiye amemwita, aje anisomee mashtaka.

Korido yangu ina milango miwili mbele ya jikoni. Mmoja unaingia sebuleni, na mzee alikuwa tayari yuko huko. Wa pili ni wa chumba cha samaki. Mlango wa uani ungenirudisha nyuma, lakini nyayo zilikuwa zimeshaanza kuja, na mwanamke mwenye heshima akisikia nyayo za baba mkwe hasubiri kupima. Nikaingia kwenye giza na kikombe changu, nikajibana kati ya tangi na ukuta.

Nyayo hazikupita. Ziliishia mlangoni pangu.

Mlango ukafunguliwa. Niliona tochi yenye nailoni nyekundu, mkono wa mume wangu umeishika, na nyuma yake kivuli cha mtu mrefu mwenye kofia. Mume wangu aliyekuwa ameaga kwamba anakwenda foleni ya malori. Waliongea Kindali. Nimekaa nao muda wa kutosha, hakuna neno lililonipita.

"Ingia, baba. Taa usiwashe. Jionee mwenyewe."

Mzee aliingia. Samaki walikuwa upande wa mbali wa tangi, taa zao zinawaka na kufumba, zinawaka na kufumba. Nikamsikia akivuta pumzi na kulitaja jina la Bwana kwa sauti ya chini. Kisha akauliza macho hayo ni ya nini.

"Ni vitu vya mama Angel," mume wangu akajibu.

Masikio yangu yakapata moto. Nilingoja acheke, aseme natania baba, hawa ni samaki wangu niliowabeba mapajani toka Dar. Hakucheka. Alisema siku moja alirudi kazini akakuta chumba kimefungwa. Kwamba akiniuliza ninamwambia ni samaki tu. Kwamba ninajifungia humu na kuongea peke yangu. Kwamba mtoto anakohoa na kupungua.

"Ndiyo maana nilikupigia simu, baba. Naogopa. Mchukue Angel leo leo."

Kumbe simu aliipiga yeye. Recho wa watu nimemtoa ndani na begi lake, na mchongezi nalala naye kitanda kimoja. Niliona aibu mpaka nikataka kulia, na kulia sikuweza, kwa sababu mkwe wangu alikuwa hatua mbili kutoka nilipojibana. Kujitokeza ni kumvunjia heshima mbele ya mwanawe, tena mahali pa giza, na hapo kila neno baya wanalolisema juu yangu lingekuwa kweli. Nikinyamaza, mwanangu anapanda gari anakwenda.

 Mzee ni mtu wa kugeuza jambo kama anavyogeuza kahawa kwenye kichanja, haliachi mpaka likauke pande zote.

"Na mkeo je?" akauliza.

"Yeye abaki."

"Abaki na wewe humu?"

"Ndiyo, baba."

"Humwogopi?"

Anyitike akajikohoza. Akasema yeye ni mwanaume, atajilinda kwa maombi.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi nimesuluhisha ndoa nyingi pale kanisani. Mume akisema mkewe ni mchawi, anataka aondoke hata kabla jua halijazama. Wewe unaniambia mwanamke anammaliza mtoto, halafu mtoto ndiye umtoe, mwanamke umbakize. Nieleze tena, sijaelewa."

Nilitaka kumpigia makofi. Badala yake kikombe kikagonga kioo.

Ilikuwa ni sauti ndogo tu. Lakini kona ile ndiyo kona ninayolishia, na kabla sijamimina chakula huwa nagonga kioo na kikombe hivyo hivyo. Samaki wote watano wakaja. Walijipanga mbele yangu, taa zao zote zimefunuliwa, na mwanga ukapanda kutoka kifuani mpaka usoni kwangu. Niliiona mikono yangu ilivyokuwa ya kijani.

Mzee akageuka, akaniona. Macho yetu yalikutana kwa mara ya kwanza tangu nivishwe pete na mwanawe. Alijigeuza haraka akatazama ukuta na kujifunika uso kwa kofia. Angeweza kutoka, ila Anyitike alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Tukuswiga," mume wangu akasema. Huwa haniiti jina langu.

Nikajaribu kwanza kwa taratibu zao. Nilisema, "Baba Angel, mwambie baba ni nani aliyekuja na boksi kutoka Dar."



Mzee, bado ametazama ukuta, akasema, "Mwambie mwenzako nimemsikia. Mwambie aendelee."

"Baba, usimsikilize huyu," ndilo neno alilolipitisha mume wangu.

Nikaelewa niko wapi. Kati yangu na mzee kulikuwa na mtu mmoja tu wa kupitisha maneno, na mtu huyo ndiye mwongo. Nikaweka kikombe chini. 

"Baba," nikasema mwenyewe, bila mtu wa katikati. "Unisamehe kwa kusimama hapa na kukusemesha. Hawa ni samaki, wamenunuliwa na mwanao. Mimi ninawalisha kwa sababu aliniomba. Juzi mtu amewamwagia mafuta ya upako, wanne wamekufa, nami nimemtoa Recho nyumbani bila kosa. Angel anakohoa vumbi la malori kama watoto wote wa Tunduma. Kama unamchukua mwanangu, mchukue kwa kosa langu, usimchukue kwa uongo."

 Nilidhani mzee atatoka bila neno, na ingekuwa haki yake.

"Mafuta ya upako," akasema hatimaye, akiusemesha ukuta. "Nani aliyamwaga?"

Swali lilikuwa la wote, na aliyelijibu ni mume wangu, tena kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Angel! Angel ndiye aliyeyamwaga. Nilimkuta ananukia mikono, akaniambia mwenyewe. Kuna samaki taa yake ilikuwa imefifia, akaona anaumwa, akampaka kama shangazi yake anavyompaka yeye. Ameua wanne, baba. Wanne. Tangu mwezi uliopita namkuta anachovya mikono tangini, akibaki humu atawamaliza wote."

Sauti ilimkatika mwishoni. Mwaka juzi Angel alilazwa na homa ya mapafu, Anyitike akakaa kwenye benchi la hospitali anachezea simu. Sauti ile ya kukatika sikuisikia siku ile. Nimeisikia kwa samaki.

Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni mtoto, na mtoto mwenyewe alitaka kuponya. Akaniacha nimfukuze dada yake. Akaniacha nilale na mashaka na watu wasio na kosa. Mwezi mzima ameomba Angel aende Ileje, nimekataa, akaona njia iliyobaki ni kuniita mchawi.

"Kwa hiyo ni hilo," mzee akasema. Alisikika amechoka. "Mkamwana, kafunge vitu vyako na vya mtoto. Gari lipo nje. Mtoto wa ukoo wangu hatoki nyumbani bila mama yake."

"Hapana, baba," Anyitike akasema. "Angel mchukue. Huyu niachie."

"Kwa nini?"

"Mimi sijui kuwalisha. Wanamjua yeye. Akiondoka leo, Jumapili taa zote zimezimika."

Alisema hivyo nami nasikia, bila hata kupunguza sauti. Nilimtazama nikitafuta uso wa mtu aliyeniposa kule Iyula, aliyekunywa togwa kwa mama yangu mpaka akashindwa kusimama tukacheka. Tochi nyekundu ilinionyesha kidevu tu.

Mzee aliondoa kofia usoni. Kisha akageuka, taratibu, akanitazama mimi moja kwa moja, kwa makusudi, kama anavyomtazama Recho au binti yake mwingine yeyote. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, shika hapa tutoke."

Hayo ni mambo mawili ambayo kwao hayafanywi, kuniangalia na kunigusa, na aliyafanya yote mbele ya mwanawe. Nikaushika. Ulikuwa mkono mgumu wa jembe. Tukageukia mlangoni.

Anyitike hakuwa pale tena. Mstari wa mwanga wa koridoni ulikuwa unapungua, unapungua, mpaka mlango ukagonga fremu.

Ufunguo ukazunguka kwa nje. Ndani tulikuwa wawili, mimi na baba mkwe wangu, na Angel alikuwa nje na baba yake.